Sarafu za Arobaini

Mtu akija kwako kutazama mali yako, kisha akatoa glavu mfukoni akazivaa, huyo usimtazame usoni, mtazame mikono. Ndivyo alivyoamini Bi Tumu, na Jumamosi ile alimtazama Bwana Bramwel mikono mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyemwambia kwamba glavu zile zilikuwa za kuzikinga sarafu na jasho, na hata angeambiwa asingekubali. Bi Tumu alizaliwa na macho mawili kama watu wote, la tatu akaliotesha mwenyewe, na kazi ya hilo la tatu ilikuwa moja tu, kushuku.

Alimshuku muuza samaki na mizani yake. Alimshuku muuza maziwa, na kisima alichopita njiani. Paka wa jirani akilala kibarazani, Bi Tumu aliuliza nani kamtuma. Katika mtaa mzima wa Kibokoni alikuwapo mtu mmoja tu ambaye jicho la tatu lilikuwa halijamwangukia kwa miaka tisa, naye ni Ndinda, mpangaji wake wa chumba cha chini, Mkamba wa Mwingi, karani katika ofisi moja ya mizigo kule Mbaraki. Na Ndinda ndiye aliyemleta Bramwel. Waliimba kwaya moja kanisani. Bramwel alikuwa mwalimu wa historia chuoni, mtu wa Kakamega, mpole wa sauti, ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akipita nyumba za Mji wa Kale kuuliza kama kuna waliohifadhi sarafu za zamani.

Kwa Bi Tumu zilikuwapo. Zilikaa ndani ya kasha la mvule, zimefungwa katika kitambaa cha hariri: sarafu kumi na tatu kwenye uzi mmoja wa pamba. Tisa zilikuwa na tundu la mraba katikati na maandishi ya Kichina pande zote nne za tundu. Nne zilikuwa ndogo, nyembamba, zenye maandishi ya Kiarabu, na matundu yake yalikuwa ya msumari, yamekwenda kombo. Zote zilikuwa nyeusi zimeshika kutu ya kijani.

Katika ukoo wao, mtoto akitimiza arobaini, uzi ule hutiwa katika maji yake ya kuoga, apate riziki ya pande mbili za bahari. Maalim mmoja aliwahi kuwaambia kwamba hayo hayafai. Mabibi wakamjibu kwamba ile ni shaba tu na maji ni maji tu, wanayemwomba ni Mungu, wakaendelea na yao. Uzi hushikwa na shangazi. Bi Mejumaa, shangazi yake Tumu, alikaa nao zaidi ya miaka arobaini, na mwaka jana, vidole vyake vilipopinda kwa baridi yabisi hata kifungo kikamshinda, alimkabidhi Tumu kasha na ufunguo mbele ya watu. "Hii amana," alimwambia. Basi.

Wewe utasema ni uzi tu. Lakini Tumu aliolewa Lamu, akakaa huko miaka kumi na minne, akarudi Mombasa peke yake bila mtoto wa kumshika mkono, na tangu hapo katika kila shughuli ya ukoo alipewa kazi ya kumenya vitunguu. Uzi ule ulikuwa kitu cha kwanza alichopewa akae nacho yeye. Mtoto wa mwisho kuogeshwa nao alikuwa Yumna, binti wa marehemu kaka yake, miaka ishirini na minane iliyopita, na siku hiyo Tumu alikuwa Lamu, hakuiona. Sasa Yumna naye kajifungua, na arobaini ilikuwa Ijumaa inayokuja. Tumu alikuwa akizihesabu siku kuliko mzazi mwenyewe.

Ndiyo maana mikono ya Bramwel ilimkera.

"Hizi tisa ni za zama za mfalme wa China aitwaye Yongle," Bramwel alisema, akiigeuza moja kwa ncha za vidole. "Kama miaka mia sita. Hizi nne ni za Kilwa, za zamani zaidi. Upande huu jina la sultani, upande huu anasema anamwamini Mola wa neema. Sasa ona, Bi Tumu. Za Kichina zilizaliwa na tundu. Za Kilwa hazikuwa na tundu kabisa. Kuna mtu alichukua msumari akazitoboa ili zikae uzi mmoja na wenzake. Huyo mtu ndiye ninayemtafuta."

Katika maneno yote hayo Tumu alisikia la mwisho tu, kwamba kuna mtu anatafutwa.

Bramwel akatoa mizani ndogo, akazichopoa sarafu kwenye uzi, akapima moja moja, akapiga picha, akaandika.

"Wazipimia nini?"

"Uzito ni kama alama ya kidole, Bi Tumu. Hakuna mbili zilizo sawa."

"Alama za vidole wazitakiani, na weye umevaa glavu?"

Ndinda, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliinama akacheka ndani ya leso yake. Bramwel aliahidi kurudi Alhamisi na picha na maelezo. Tumu alizitunga tena sarafu na kuzifunga mwenyewe, nyeusi vilevile, akafunga kasha, akarudisha ufunguo kiunoni, mahali ambapo haukutoka hata akioga.

Jumapili Tumu alikwenda kwenye khitima Kisauni. Aliporudi alasiri, alimkuta Ndinda uani, mikono ya gauni ameikunja, anamwaga maji ya kahawia kwenye mfereji. Ua wote ulinuka ukwaju.

"Wapika?"

"Nilikuwa naosha tu vitu, Bi Tumu," alisema Ndinda, bila kuinua uso.

Jicho la tatu lilifunguka kidogo. Lakini alikuwa Ndinda, yule aliyekuwa akimkanda Bi Mejumaa magoti kila Jumamosi bila kuombwa, na Tumu akapanda ngazi zake kwenda kuswali.

Jumanne asubuhi alifungua kasha ili aandae kitambaa kipya. Kitambaa kilikuwa kilekile. Ndani yake sarafu kumi na tatu zilimng'alia usoni, za Kichina manjano, za Kilwa nyekundu, mpya kama zimetoka kiwandani jana. Hata uzi ulikuwa mpya, mweupe pe.

Tumu alikaa sakafuni. Aliing'ata moja, kisha akakumbuka kwamba hajui zile za kweli zilikuwa na ladha gani. Alizihesabu mara tatu, na kila mara zilikuwa kumi na tatu, jambo lililomtia hofu zaidi, maana mwizi anayekuachia hesabu kamili ni mwizi aliyejipanga. Zimebadilishwa. Wamepiga picha, wamechukua uzito, wamekwenda kuchongesha nyingine, wakarudi wakaziweka. Kufuli halikuvunjwa. Nani aliyekuwamo nyumbani Jumapili? Ndinda. Nani aliyemleta mwenye glavu? Ndinda. Na yale maji yalikuwa maji gani? Kikulacho ki nguoni mwako, Tumu alijiambia, na machozi yakamtoka, kwa sababu ya sarafu na kwa sababu ya miaka tisa.

Kumwambia Bi Mejumaa hakuweza. Bibi alikuwa Makadara, nyumbani kwa Yumna, anamlea mzazi, na mzazi wa siku thelathini na saba hashtuliwi, maziwa hukatika. Halafu angesemaje? Kwamba amana iliyokaa miaka mingi kwa mwenzake, kwake haikumaliza miwili?

Alimngoja Ndinda kibarazani. Saa kumi na moja Ndinda akatokea, mkoba begani, mkate mkononi.

"Masalkheri, Bi Tumu. Mbona uko nje na jua hili?"

"Ziko wapi?"

"Nini?"

Tumu akafungua kitambaa. Ndinda akazitazama sarafu, na uso wake ukabadilika. Tumu aliuona kwa macho yote matatu. Haukuwa uso wa mtu aliyeshangaa. Ulikuwa uso wa mtu anayejua.

"Jumapili uliosha nini uani?"

Ndinda aliteremsha mkoba begani.

"Nakuuliza kwa wema, Ndinda. Mwenzio amekupa nini? Sema, nimfuate yeye, weye nikuache."

"Bi Tumu, unanijua kwa miaka tisa."

"Ndiyo maana nakuuliza mie, sikukuitia polisi."

"Sikuiba kitu. Ngoja Ijumaa. Ijumaa utajua yote, nakuomba."

"Ijumaa uwe ushafika Mwingi?"

Jirani wa ng'ambo alikuwa amesimama dirishani, na chini ya dirisha wanawake wawili wenye vikapu walikuwa wamepunguza mwendo. Ndinda aliwaona. Akaushika ule mkate kwa mikono miwili kama anayeogopa utaanguka.

"Niliapa," alisema kwa sauti ndogo.

"Umeapa na mwizi mwenzio!"

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Bi Tumu yeye alisema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka kona ya msikiti.

Jumatano asubuhi mkokoteni ulisimama mlangoni ukapakiwa godoro, jiko, sanduku na picha ya Dancan, mwana wa Ndinda, aliyekuwa akisoma Mwingi kwa bibi yake. Ndinda alihamia kwa binamu yake Kioko, Mbaraki. Hakulia wala hakutukana. Aliweka ufunguo wa chumba juu ya ngazi, na kando yake kichupa cha mafuta.

"Ya magoti ya Bi Mejumaa. Mwambie apashe moto kwanza."

Mkokoteni ulipokwisha kupinda, Tumu alikifungua kichupa akakinusa, kama kina kitu. Kilinuka mafuta ya nazi na karafuu.

Alhamisi Bramwel alikuja kama alivyosema, na jambo hilo lilimchanganya Tumu, maana alikuwa amejiandaa kwamba hatakuja. Hakumpa hata kiti.

"Bwana, nirudishie vyangu."

"Vipi?"

Akazichopoa sarafu kwenye uzi akammwagia mezani. Bramwel alizitazama, rangi ikamtoka.

"Bi Tumu," alisema polepole, "hizi sizo nilizoziona. Umemuuzia nani zile?"

"Mie?"

"Nimeyaona mambo haya Lamu. Mwenyewe akishajua thamani, nikirudi nakuta za bandia."

"Mie niuze amana? Haya, lete polisi! Lete, wakukute na hizo glavu zako!"

Walizozana hivyo, kila mmoja akimwita mwenzake mwizi kwa heshima zote, Bwana huku na Bi kule, mpaka Bramwel akakumbuka mizani yake. Alipima ya kwanza, akatazama daftari. Akapima ya pili. Akapima zilizobaki, mpaka ya kumi na tatu. Akatoa picha, akaweka sarafu moja ya Kilwa juu ya picha yake. Tundu lilikuwa kombo vilevile, na pembeni palikuwa na pengo dogo, kwenye picha na kwenye shaba.

"Ni zenyewe," alisema. Alikaa bila kukaribishwa. "Kila moja imepungua kidogo tu, zote kwa kiasi kimoja. Hazikubadilishwa, Bi Tumu. Zimesuguliwa. Mtu amezisugua kwa ndimu, au kwa ukwaju, kama mnavyosugua masinia ya shaba ikikaribia Idi." Akashika kichwa. "Miaka mia sita ya kutu, imekwenda na maji mferejini."

Lakini Tumu hakuwa na nafasi ya kuililia kutu. Alisikia ukwaju, akaona tena mikono ya gauni iliyokunjwa. Ndinda hakuiba. Basi kasha alilifunguaje? Na aliapa kwa nani? Akazitunga sarafu, akamwacha Bramwel na mizani yake, akajifunga buibui, akatoka na uzi kifuani kwenda Makadara.

Bi Mejumaa alikuwa amekaa kitandani kwa mzazi, mtoto mapajani. Yumna alikuwa usingizini. Tumu akafungua kitambaa bila kusema neno, na bibi kizee akatabasamu, meno mawili yote yakaonekana.

"Ah! Mato yako hayana subira. Nilitaka uone kesho."

"Shangazi, ni weye?"

"Ni mie na nani tena? Kila mtoto azaliwapo twazisugua, siku tano kabla, na uzi twabadili. Mtoto hapokewi na kiza. Weye ulikuwa Lamu, hukuona."

"Na ufunguo?"

"Funguo ni mbili, mwanangu. Mmoja nilikupa, mmoja nikasahau kukupa." Hakuonekana kama mtu aliyesahau. "Nikaja Jumapili, vidole vyangu unavijua. Nikamwita Ndinda akanisugulia."

"Mbona hukuniita mie? Mie ndiye mwenye uzi. Nina mikono miwili mizima."

Bi Mejumaa akamtazama mtoto badala ya kumtazama yeye. Akamfuta mate yasiyokuwapo.

"Yataka mkono uliopakata wake mwenyewe," alisema hatimaye. "Ndivyo tulivyowakuta wenyewe wakifanya. Ndinda ana Dancan. Nikaona haya kukwambia, Tumu. Nikasema, yule kashaumia vya kutosha, nimuongezee na hili? Nikamuapisha Ndinda asikwambie. Nikamwambia, ngoja Ijumaa, n'tamwambia ni mie nimekutuma, basi, yapite. Akalia, maskini. Akasema, mie Bi Tumu siwezi kumuumiza."

Nje pikipiki ilipita, mtoto akashtuka, Bi Mejumaa akampigapiga mgongoni.

"Yuwapi Ndinda? Mwambie kesho aje mapema. Mkono uliosugua ndio utiao uzi majini, si mwengine."

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tumu aliijua methali hiyo tangu utotoni, akawafundisha na wengine, na jioni ile alitembea kutoka Makadara mpaka Kibokoni akiirudia kama mtu aliyeisikia mara ya kwanza. Kilichomuuma zaidi hakukijua mara moja. Si kwamba alimsingizia mtu. Ni kwamba mwanamke yule alisimama kibarazani, majirani wanasikia, na neno moja tu lingemwokoa, na neno hilo lilikuwa kwamba Tumu ni tasa. Hakulisema.

Ijumaa saa mbili asubuhi Bi Tumu alikuwa amesimama kwenye lango la ofisi ya mizigo Mbaraki, miongoni mwa malori. Askari wa lango alimuuliza anamtaka nani, na kwa mara ya kwanza maishani hakumuuliza yeye anauliza kwa nini. Ndinda alimwacha angoje. Alikuwa na haki. Alipotoka, kalamu bado imo nyweleni, alisimama hatua tatu mbali.

"Sabalkheri, Bi Tumu."

"Sabalkheri, mwanangu. Nimekukosea. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu nataka nikuombe radhi." Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la malori, na makuli wawili wakageuka kutazama.

Ndinda akamshika kwapani akamwinua haraka. "Usifanye hivyo, wewe ni mkubwa wangu." Akampangusa buibui vumbi. Kisha akaondoa mkono. "Ameshakwambia?"

"Kaniambia yote."

"Na lile?"

"Na lile."

Ndinda akatazama chini. "Saa ngapi mtoto anaoga?"

"Wakungoja weye."

Aliomba ruhusa ya saa mbili, wakaenda kwa tuktuk bila kuzungumza. Makadara chumba kilikuwa kimejaa wanawake, udi na watoto. Maji ya vuguvugu yalikuwa tayari ndani ya beseni la shaba. Ndinda akavua saa, akapokea uzi kutoka mikononi mwa Tumu, akauteremsha taratibu mpaka sarafu zote kumi na tatu zikalala chini, za China na za Kilwa, zinameta chini ya maji. Bi Mejumaa akasoma dua. Mtoto akatiwa, akapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele. Tumu alisimama ukutani na taulo. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa, na aliifanya vizuri.

Baadaye alimfuata Ndinda ngazini. Alikuwa na funguo mbili kiganjani, wa chumba cha chini na wa kasha, ule wa pili wa Bi Mejumaa.

"Zichukue zote. Chumba chako nimekifagia. Na kasha tulishike wawili."

Ndinda alizitazama funguo. Hakuwa na hasira, na Tumu angependa awe nayo, maana hasira huisha.

"Kaa nazo, Bi Tumu. Mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto." Akavaa saa yake. "Siku kitu kikipotea tena kwako, nataka nisiwe karibu."

Akashuka. Chini akageuka, akauliza kama Bi Mejumaa alipata yale mafuta, Tumu akasema alipata, naye akaenda kazini.

Bramwel aliandika makala yake, akatumia picha za Jumamosi ile, sarafu zikiwa bado nyeusi. Bi Tumu alipoletewa nakala aliiweka ndani ya kasha bila kuuliza imechapwa wapi na kwa nini. Chumba cha chini hakijapangishwa mpaka leo. Wakija watu kukiulizia, na huja wengi, Bi Tumu huwaambia kina mwenyewe.